Mama Mpima Alivyogawa Kosa

Jua la Dodoma likifika utosini, vilima huanza kuelea. Sitii chumvi. Weka jicho kwenye darubini ya mashine ya kupimia saa saba mchana, uone kilima cha mbali kinavyoachana na ardhi na kusimama hewani kikitetemeka. Mtu aliyeshika fimbo yenye kioo tunachokilenga chini yake anakuwa mrefu, mara mfupi, mara anakatika kiunoni. Nilipoanza kazi nilikuwa nashindana na hali hiyo. Nilikodoa macho, nikasubiri kilima kitulie kidogo tu, nikasoma namba, nisiiamini, nikasoma tena. Mama Mpima alikuwa ananijia kwa nyuma taratibu, anafunika darubini kwa kiganja chake na kusema kwa sauti ya kubembeleza, "Acha, baba. Ardhi inaota saa hizi. Tuingoje iamke."

Basi tunakaa ubavuni mwa gari, kwenye kivuli chembamba, kikosi kizima tumenyoosha miguu. Tunakunywa maji ya vuguvugu na kutazama mbuga ikicheza. Ng'ombe wanapita mbali, miguu yao haionekani, migongo tu inayotiririka.  Mama Mpima anavua kofia yake ya pama, anaiweka usoni, na hujui kama amelala au anafikiri. Saa tisa na nusu anainuka bila kuangalia saa, na kweli, ukitazama kwenye darubini, kila kitu kimerudi mahali pake. Katika kazi ile yote, saa hizo za kungoja ndizo ninazozikumbuka kwa raha zaidi.

Namwandika kwa sababu nilikuwa mgonjwa wake. Ugonjwa wenyewe watu huuona ni sifa, na kwenye usaili wa kazi nilijisifia nao mwenyewe: mimi ni mtu wa kuhakikisha kila kitu kimekaa sawasawa. Mabosi walitabasamu. Hawakujua wanamwajiri mtu asiyeweza kuiachia kazi. Nikimaliza ramani siisaini. Naifungua kesho, nasogeza mstari, naifunga, naifungua tena. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na majalada yaliyoandikwa "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kabisa 2", na mojawapo, nasema kwa aibu, "mwisho wa kweli". Vijana wa ofisini waliniita Rudia. Nyuma ya kila ramani ambayo sijaisaini palikuwa na mtu anayesubiri kujenga, na huyo ndiye mtu ambaye Mama Mpima alikuwa ananitajia kila siku, miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Jina lake halisi sitalitaja, wala alikozaliwa. Yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Wageni wakitaka kujua ametokea mkoa gani, alikuwa anajibu, "Nimetokea saiti," anaendelea na chai yake. Alikuwa mwembamba, mrefu, na buti za kiume zilizopauka kwa vumbi. Alivaa suruali kazini, lakini kabla ya kuingia kwenye boma la mtu anafungua mkoba, anatoa kitenge, anajifunga juu ya suruali ile, ndipo anapiga hodi. Akishatoka na kuanza kupanda kilima, kitenge kinarudi mkobani. Nilimwona akifanya hivyo mara hata sita kwa siku moja, na hakuwahi kukifunga kwa haraka haraka.

Wazee wa Kigogo walimpenda kwa ajili ya salamu zake. Alijua Kigogo cha kutosha kuanza na "mbukwenyi" na kuuliza habari za mvua, mifugo na uwele, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Mimi nilikuwa natazama saa. Naona jua linapanda na yeye bado anauliza ndama aliyezaliwa juzi anaendeleaje. Halafu alikuwa na desturi yake ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha: siku ya kusimika jiwe la mpaka, ile bikoni ya zege tunayoichimbia kwenye kona, anawaita majirani wa pande zote mbili, anawaambia walishike pamoja wakati sisi tunashindilia udongo. Wanainama wote wawili, vichwa karibu kugongana, mikono imegusana. Wapo waliokuwa hawajasemezana miaka. Anawaacha wakae hivyo kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Nilimuuliza sababu. Akasema, "Namba ni zetu mimi na wewe. Jiwe ni lao. Wasipolishika, watalihamisha."

Nieleze kazi yetu kidogo, maana bila hilo hutamwelewa. Mpima ardhi anaanzia kwenye jiwe moja, anapima kona hadi kona, anazunguka mpaka anarudi kwenye jiwe lilelile. Kwa hesabu anatakiwa kurudi palepale alipoanzia. Harudi. Sijawahi kuona aliyerudi. Kila mara anajikuta pembeni kidogo, sentimita moja, mbili, kwa sababu joto limevuta kitu fulani au mkono umetikisika. Kanuni zinasema kosa la kiasi gani linaruhusiwa. Likizidi, unarudia kazi. Likiwa ndani ya kiwango, unaligawa: kila kona inabeba kipande chake kidogo, mzunguko unafungika, unasaini, unakwenda nyumbani kula.

Chuoni tulifundishwa hilo kama hesabu ya kawaida. Mama Mpima alilishika karibu kama dini. Akishapata ukubwa wa kosa alilisoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima, bila haya, kama mtu anayetangaza wageni: "Leo tuna sentimita tatu." Kisha anauliza, "Zinaruhusiwa?" Tunajibu zinaruhusiwa. "Basi zigawiwe." Mimi nilikuwa nakunja uso kila mara. Niliona tunaficha uchafu chini ya mkeka, tena kwa kibali.

Aliniona. Siku moja, tukirudi mjini, vumbi limetanda na jua linazama nyekundu mbele ya kioo, alianza kusema bila kunigeukia. "Kupima mara ya kwanza ni kupima shamba. Mara ya pili unapima kazi yako. Ukipima mara ya tatu na hakuna kosa ulilolikuta, hapo unajipima wewe mwenyewe, na serikali haikukutuma huko." Dereva alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu siku ile nilikuwa nimepima mara tano.

Msije mkadhani alikuwa mzembe. Nilidhani hivyo mwaka wa kwanza, tena nilimwona ni mtu mzima aliyechoka. Lakini huyu ndiye aliyemrudisha fundi kilomita arobaini kufuata kigingi kilichosahaulika. Daftari la saiti likiandikwa kwa penseli hafifu alilirusha mezani. Ukimsomea namba lazima umsomee tena kinyumenyume, na ukikosea tarakimu moja mnaanza upya. Akiingia kwenye ofisi ya mtu, hata ya mkubwa, picha ya ukutani ikiwa imepinda anakwenda kuinyoosha kabla ya kukaa. Nilimwona akimnyooshea tai katibu mmoja aliyekuwa akimkemea, na yule bwana akasahau alichokuwa anasema.

Nilipokaribishwa kwake Chang'ombe, mtaa wa hapahapa Dodoma, ndipo nilipoelewa. Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba viwili, na sijawahi kuona sakafu imesuguliwa vile. Viatu vilipangwa mlangoni kwa urefu. Binti yake mkubwa aliyekuwa anapika mlenda alininong'oneza, "Shemeji, ukioga hapa utoe hadi nywele zako kwenye taulo. Mama anazihesabu." Hakuniita shemeji kwa sababu yoyote, ni utani wake tu. Tulikula, tukashiba, binti akaosha vyombo. Akaacha kikombe kimoja kwenye beseni, kichafu, na majani ya chai chini.

Nilimwonyesha. Nilijua amekisahau.

"Hicho ni cha mama," akasema. "Hakioshwi mpaka asubuhi."

Mama Mpima alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Aliona haya kidogo, mara ya kwanza na ya mwisho nimwone hivyo. "Mimi naumwa kama wewe, baba," akasema. "Kuzidi wewe. Nilikuwa naamka kunyoosha mapazia. Nikachapa wanangu kwa ajili ya mikunjo ya shuka, na hilo linaniuma hadi leo. Sasa kila jioni naacha kikombe kimoja. Mwanzoni nilikuwa nakisikia kikiniita kutoka jikoni. Sasa hivi nalala. Sijapona, ila nimeijua dozi."

Nilirudi kwangu nikaacha kikombe. Baada ya dakika kumi nilikuwa nimekiosha.

Sasa nieleze ya Kibakwe, milimani. Huko juu asubuhi kuna ukungu, na vilima vya mahindi na maharage vinajitokeza kimoja kimoja, nawe unadhani umeamka nchi nyingine, si ile kavu uliyoiacha jana. Nilikuwa nimetumwa na kikosi kidogo kupima eneo la zahanati katika kijiji kimoja mlimani. Kazi ya siku mbili. Siku ya pili nikafunga mzunguko, nikapata kosa la sentimita nne. Liliruhusiwa. Nikarudia. Nikapata tatu na nusu. Nikarudia. Nikapata tano. Siku ya sita chakula kilikuwa kimekwisha, vijana wananinunia, na wanakijiji waliokuwa wamebeba mawe ya msingi kwa vichwa wanakuja kila asubuhi kukaa juu ya mawe yao na kunitazama.  Kulikuwa na mwanamke mjamzito anayekuja nao, tumbo limeshuka, akikaa mbele kabisa.

Nani alimpigia simu Mama Mpima sijui. Alifika siku ya saba, buti zimejaa tope, kitenge kiunoni. Aliwasalimia watu wote kwanza, mmoja mmoja. Kisha akaja nilipo, akaketi juu ya sanduku la mashine.

"Leteni kosa tulione," akasema.

Nikampa daftari. Akasoma vipimo vyote vitatu, akafunga.

"Unatafuta nini?"

"Natafuta lilipoingia, Mama."

"Ukilipata?"

"Nitaliondoa."

"Halafu libaki nini?"

 Nilikuwa karibu kulia mbele ya kijiji kizima, mwanaume mzima mwenye shahada. Nilimwambia kweli yote: kwamba naogopa kuandika jina langu chini ya kitu ambacho najua kina kosa. Kwamba tangu shule, nikileta tisini na nane, baba alikuwa ananiuliza mbili zimekwenda wapi. Alinisikiliza. Hakunipa pole. Aliniambia nihesabu kona. Zilikuwa nane.

"Chukua kipimo cha kwanza. Sentimita nne, kona nane. Kila moja ibebe ngapi?"

"Nusu."

"Nusu sentimita. Hata kucha yangu ni pana kuliko hiyo. Kona haitalalamika, zahanati haitaanguka." Akamwonyesha kwa kidevu yule mwanamke aliyekaa mbele. "Wewe hili kosa umeling'ang'ania lote peke yako, na yule ndiye anakusaidia kulibeba. Nani alimwomba?"

Niligawa. Nilisaini juu ya sanduku, vidole baridi kwa ukungu. Watu wakainuka na mawe yao. Nasikia zahanati ile ipo, na wanazaa pale. Sijawahi kurudi kuiona, na zamani nilikuwa najiambia ni kwa sababu ya kazi nyingi. Ukweli ni kwamba naogopa nitachukua futi nianze kupima upya.

Alistaafu bila sherehe kubwa. Keki, soda, saa ya ukutani ambayo aliinyoosha hapohapo. Baada ya hapo mji ukachangamka. Wizara zimehamia, watu wanatoka kila mkoa, kila mtu anataka kiwanja, na vilima vilivyokuwa vinaelea peke yao sasa vina mabati yanayong'aa. Mimi nikapandishwa cheo. Nikawa mkaguzi: wapima wanaleta ramani, mimi napitisha au narudisha. Nilikuwa na kiti kinachozunguka na feni, na nilisifiwa kwamba kwenye meza yangu hakipiti kitu. Naomba mnisome vizuri hapo, kwa sababu nilisifiwa na nikafurahi. Nilikuwa nimejifunza kugawa kosa langu mwenyewe. La mwingine nilikuwa silivumilii hata chembe.

Januari moja, siku ya mvua, nilitoka kwenda kunywa chai nikamwona kwenye benchi la wananchi. Amekaa katikati ya watu, kofia magotini, mwavuli unachuruzika miguuni. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umenenepa."

Nilimshika mkono nikamwingiza ofisini, nikaagiza chai, nikamuuliza habari za nyumbani. Alisema mume wa binti mkubwa alifariki. Binti na watoto watatu wanaishi naye Chang'ombe, kwenye vile vyumba viwili, na watoto wanalala jikoni. Ana kiwanja chake nje ya mji, njia ya kwenda Mvumi, alikinunua tangu yupo kazini, anataka kuwajengea. Anasubiri ramani ipite apate kibali.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu Juni."

Nikamwomba namba ya kitalu. Aliitaja kwa kichwa, kisha akairudia kinyumenyume, kama alivyotufundisha. Nikaifungua kwenye kompyuta. Ilikuwa ramani ya viwanja kumi na viwili, imepimwa na kijana mmoja wa kampuni binafsi, na niliitambua mara moja, kwa sababu mimi sisomi majina ya wenye viwanja, nasoma namba. Nilikuwa nimeirudisha mara nne. Kosa lake lilikuwa ndani ya kiwango tangu siku ya kwanza. Nilitaka lipungue. Pembeni, kila mara, nilikuwa nimeandika: mpimaji anaweza kufanya vizuri zaidi ya hapa.

Aliona uso wangu. Naye akaisogelea skrini, akasoma maneno yale kwa kufinya macho.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama. Kwa nini hukunipigia? Namba yangu unayo."

"Nilijua ni ofisi yako. Mkono ndio sikuujua ni wa nani, wanaandika mkaguzi tu." Alikunywa chai kidogo. "Na ningekupigia, ungenipitishia mimi kwa kuwa ni mimi. Wale kumi na mmoja wengine wana simu ya nani?"

Nilianza kuomba radhi. Maneno yalikuwa mengi na hayakuwa na mpangilio, nikazungumzia wingi wa kazi, maagizo ya wakubwa, hati zilizowahi kupingwa mahakamani. Aliniacha nimalize. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na dirishani mji wote ulikuwa umefifia, majengo mapya yamegeuka vivuli vya kijivu. Nilitamani anikemee.

"Binti alifyatua matofali tangu Julai," akasema. "Yeye na watoto, wakitoka shule. Mtendaji wa mtaa akasema tusiwashe tanuri wala kuchimba msingi mpaka ramani ipite, naye ana haki. Tukayafunika turubai, mabichi vilevile. Ile mvua ya kwanza, yenye upepo, ikaling'oa. Nilikwenda asubuhi nikakuta tope tu. Yule mdogo alikuwa anatafuta lake, alikuwa ameliandika jina."

Sikuweza kumtazama.

"Kosa lilikuwa kiasi gani?" akauliza, kwa sauti ileile ya saiti.

"Sentimita mbili na nusu."

Alitenga kidole gumba na cha shahada, akaukadiria upana huo hewani kati yetu, na nilijua kwamba hakukosea. 

"Matofali yalikuwa elfu mbili na mia tatu," akasema, akashusha mkono.

Nilichapisha ramani ya viwanja vyote kumi na viwili, nikaisaini palepale kwa kalamu iliyokuwa karibu. Jina langu likatoka limepinda, limegusa mstari wa chini. Nilimpa karatasi hivyo hivyo.